Tangi Tupu si Tupu: Lugha na Usalama katika Kuifikia Pampu ya Petroli

Utangulizi

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Methali hii, ambayo kila mwanafunzi wa fasihi simulizi ameikariri, hulichukulia debe tupu kuwa chombo cha kelele tu, kisicho na uzito wala madhara. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba katika gereji mambo ni kinyume: chombo kitupu kilichowahi kubeba petroli ndicho cha kuogopwa zaidi, na kivumishi hiki kifupi, -tupu, kinaweza kumpoteza asiyekitafakari. Mfano wetu unatokana na kazi moja ya ufundi, nayo ni kukata sakafu ya gari la michezo ili kupata njia rahisi ya kuifikia pampu ya petroli. Kazi hiyo niliishuhudia katika gereji moja ya jua kali mjini Machakos, nilikokwenda kukusanya msamiati wa mafundi.

Pampu na Mahali Ilipo

Katika magari mengi ya kisasa yatumiayo petroli, pampu ni ya umeme na huwekwa ndani ya tangi lenyewe. Sababu kuu ni mbili. Kwanza, petroli inayoizunguka huipoza. Pili, ni heri petroli isukumwe kuliko kuvutwa, kwa maana ikivutwa kupitia mfereji wenye joto hugeuka mvuke kwa urahisi na mtiririko ukakatika. Ndiyo maana dereva aliyezoea kutembea na petroli kidogo huichosha pampu yake mapema. Gari likianza kuzimika likiwa na joto, na ule mvumo mdogo unaosikika upande wa nyuma ufunguo unapozungushwa ukitoweka, fundi hukagua fyuzi na rilei, kisha huishuku pampu.

Kuifikia ndiko kwenye kazi. Magari mengi ya familia yana kifuniko kidogo chini ya kiti cha nyuma. Ukikiondoa, unaiona pampu. Baadhi ya magari ya michezo hayana kifuniko hicho. Nafasi ni finyu, na tangi limebanwa kati ya magurudumu ya nyuma na sakafu. Fundi hulazimika kuliinua gari kwa jeki, kulegeza ekzosi, kukata mifereji na kufungua mikanda ya chuma ili alishushe tangi zima. Hiyo ni kazi ya siku nzima kwa ajili ya kifaa kinachoweza kubadilishwa kwa muda mfupi. Hapo ndipo mafundi hufikiria kukata dirisha sakafuni.

Mkuku na Mataruma

Kabla ya kukata chochote, yafaa kuelewa kinachokatwa. Aghalabu magari madogo hayana fremu iliyo peke yake; bodi lote, pamoja na sakafu, ndilo linalobeba uzito. Msomaji aliyeona jahazi likiundwa Lamu ataelewa haraka. Jahazi lina mkuku, lina mataruma, na lina mbao zinazoyafunika. Katika sakafu ya gari, ile mihimili ya chuma kilichokunjwa ni kama mataruma, na bati lililo baina yake ni kama mbao. Dirisha hukatwa katika bati. Anayekata taruma ameliua jahazi.

Hata hivyo, bati nalo lina kazi: husaidia kulizuia gari lisipindike linapokata kona. Kwa hiyo dirisha huwa dogo, na pembe zake huwa za mviringo, kwa kuwa ufa hupenda kuanzia katika pembe kali. Fauka ya hayo, yapo magari yasiyofaa kukatwa kabisa kwa kubahatisha. Lotus Elise, gari la Uingereza lililoanza kuuzwa mwaka 1996, lina chasisi ya alumini ambayo vipande vyake vimeunganishwa kwa gundi. Gari kama hilo halihitaji ushujaa wa msumeno. Lahitaji kitabu cha mtengenezaji.

Utaratibu wa Kazi

Fundi alinieleza utaratibu wake hatua kwa hatua. Huondoa fyuzi ya pampu na kuiacha injini inguruma hadi ijizime, ili kupunguza msukumo uliomo katika mifereji. Kisha huchomoa waya hasi wa betri. Petroli iliyobaki hutolewa kwa pampu ya mkono, nje penye hewa, na kutiwa katika chombo chenye kifuniko. Halafu tangi hushushwa, matundu yake huzibwa, nalo hupelekwa mbali. Naam, ili tangi lisishushwe tena siku za usoni, sharti lishushwe mara hii moja.

Baada ya hapo vipimo huchukuliwa juu na chini ya sakafu, na nyaya pamoja na mifereji ya breki husogezwa. Bati hukatwa, kingo zake hulainishwa kwa tupa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu. Mwisho hutengenezwa kifuniko cha bati kinachozidi dirisha kwa takriban sentimita 2 kila upande, chenye mpira usioliwa na petroli, kikafungwa kwa skrubu. Kifuniko hiki si pambo. Ndicho kinachomtenga abiria na mvuke, na moto pia ukizuka.

Neno Lililotaka Kuua

Siku niliyokuwapo, mwanagenzi mmoja aliona hatua ya kulishusha tangi ni usumbufu. Grainda ilikuwa tayari mkononi mwake.

"Bosi, tangi tulilikausha jana," akasema. "Ni tupu. Tukate likiwa papo hapo."

Fundi hakumjibu. Alienda akachomoa waya wa grainda ukutani, kisha akamwita kwenye mdomo wa tangi.

"Unanusa nini?"

"Petroli."

"Sasa tupu ni nini?"

Kijana alinyamaza. Nami, niliyekuja na daftari la msamiati, nilinyamaza vilevile.

Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 za Selsiasi chini ya sufuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, kwa hiyo hutambaa na kutuama chini. Huwaka unapokuwa takriban kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa. Ndani ya tangi lenye petroli, kwa kawaida mvuke huzidi kiwango hicho. Tangi likikaushwa, hewa huingia, mchanganyiko ukafikia kiwango cha kuwaka, na cheche moja hutosha.

Wanaisimu watamkumbuka Benjamin Lee Whorf, Mmarekani aliyefanya kazi katika kampuni ya bima ya moto. Katika makala yaliyochapishwa mwaka 1941, alieleza kwamba watu walikuwa waangalifu karibu na mapipa ya petroli, lakini wakazembea na kuvuta sigara karibu na yale yaliyoitwa matupu. Nadharia yake imepingwa na wengi, na sidai kwamba neno humfunga msemaji. Fundi na mwanagenzi walizungumza lugha moja. Tofauti ni kwamba fundi alikuwa amelihoji neno, ilhali kijana alilipokea kama lilivyo.

Kiswahili chenyewe kinatupa nyenzo za kulihoji. Kivumishi -tupu kina maana mbili. Tunaposema mfuko mtupu, tunamaanisha hamna kitu. Tunaposema uongo mtupu, tunamaanisha umejaa uongo, hamna kingine. Tangi lile halikuwa tupu kwa maana ya kwanza. Lilikuwa mvuke mtupu kwa maana ya pili. Vivyo hivyo, kusema tangi "limekauka" ni kutazama kioevu kilichoondoka na kusahau kilichobaki.

Hitimisho

Tangu Katiba ya mwaka 2010, Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya sambamba na Kiingereza. Aghalabu tunapojadili istilahi, tunabishana iwapo neno ni fasaha. Ni vyema tuulize pia iwapo neno litamfikisha mwanagenzi nyumbani jioni. Kwa maoni yangu, maonyo ya gereji yasitegemee -tupu, neno linalotaja kilichokosekana. Yatumie -enye, linalotaja kilichopo.

Jioni ile tangi lilikuwa limeshushwa na kuwekwa nyuma ya ua, matundu yamezibwa kwa vitambaa. Fundi alimpa kijana kipande cha chaki. Kijana akaandika ubavuni mwa tangi, kwa herufi kubwa: LINA MVUKE.