Wenzetu Arusha wana chama, sisi Ngara na Biharamulo tuna nini?

Basi lilipoacha njia panda ya Nyakanazi kuelekea Lusahunga, mzee niliyekaa naye alinigusa bega na kunionyesha pori. “Kijana, hapa miaka ile usingepita bila polisi wenye bunduki ndani ya gari,” akasema. Alikuwa hatanii. Wanaoifahamu njia hii wanakumbuka mabasi yakingojana ili yasindikizwe kwa msafara, maana majambazi walikuwa wamelifanya pori la Biharamulo duka lao.

Safari hii hatukusindikizwa na mtu. Tulisindikizwa na muziki wa dereva na harufu ya samaki wa mama mmoja wa kiti cha nyuma. Nilikuwa naenda Biharamulo kumsalimia mtoto wa mama mdogo, ambaye alikuwa ameniita kwa simu kwa sauti ya mtu aliyekabwa koo.

Msomaji wangu, kisa chenyewe ni hiki. Dogo aliuza kiwanja alichoachiwa na marehemu baba yake, akanunua gari kuukuu la kupandia milima na mabonde. Hesabu zake zilikuwa nyepesi. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa yakawa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707. Rais Magufuli aliizindua Julai mwaka huohuo. Enzi za mapori ya akiba walioneemeka ni wawindaji wa kizungu na bunduki zao. Kwenye hifadhi ya taifa uwindaji wa kitalii ni marufuku, mgeni anakuja na kamera. Na mwenye kamera anahitaji gari, dereva, chakula na mtu wa kumwambia yule ni nyamera, yule ni korongo.

Gari likafika, dogo akalipaka rangi, na jina akaandika ubavuni. Ndipo akaambiwa kijiweni kwamba bila leseni ya wakala wa utalii, ile inayoitwa TALA, chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, akikamatwa na mgeni ndani ya gari ni soo. Akazunguka ofisi tatu. Ya kwanza ikamtuma ya pili, ya pili ikamtuma ya tatu, ya tatu ikamwambia arudi Jumatatu.

“Kaka,” akaniuliza, “hawa wa Arusha wanalalamikaga kwa nani mpaka wanasikika?”

Swali hilo ndilo limenifanya nikae chini niandike.

DOLA 2,000 ZILIVYOSHUKA

Arusha kuna chama kinaitwa TATO, chama cha mawakala wa utalii Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1983. Wenye hoteli nao wana chao, HAT, wenye kampuni za uwindaji wana TAHOA, na juu yao kuna shirikisho, TCT. Hawa jamaa hawaendi Dodoma kulia. Wanakwenda na karatasi.

Chukua hiyo leseni. Kulikuwa na wakati kampuni ya Mtanzania, iwe na gari moja au hamsini, ilitozwa dola 2,000 kwa mwaka. Mwenye gari moja na mwenye gari hamsini wanalipa sawa! Hoja ya wadau ilikuwa kwamba bei hiyo inawafukuza wadogo waende kufanya kazi kwa kujificha, na serikali inakosa vyote, kodi na takwimu. Viwango vikaja kupangwa kwa idadi ya magari, na mwenye gari moja hadi matatu akashushiwa hadi dola 500. Dogo wa Biharamulo hakuhudhuria kikao hata kimoja, lakini punguzo lile linamhusu. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemfikishia habari.

NA WAO HUPIGWA CHINI

Usidhani wakubwa wanashinda kila siku. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kwamba huduma za utalii, ambazo kwa miaka mingi zilisamehewa VAT, zitatozwa asilimia 18 kuanzia Julai 1. Kelele zilizopigwa si mchezo. Hoja moja ilikuwa na mashiko kweli: mgeni wa Ulaya hununua safari mwaka mzima kabla, kwa bei iliyokwishachapishwa. Ukiongeza kodi leo, aliyekwishalipa haongezi senti, inatoka mfukoni mwa wakala. Tena msimu huohuo wa bajeti Kenya ilikuwa inaondoa VAT kwenye viingilio vya mbuga zake.

Serikali haikurudi nyuma. Kodi ikaanza siku ileile.

Sasa nisikufiche. Wapo waliopiga ramli kwamba watalii watatukimbia wote. Hawakukimbia. Mwaka 2015 waliingia wageni 1,137,182, mwaka 2016 wakawa 1,284,279, na mwaka 2019 wakavuka milioni moja na nusu. Huenda bila kodi wangeongezeka zaidi, hilo linabishaniwa mpaka kesho. Lakini somo lipo: ukienda kwa mkubwa kumtishia mvua ya mawe na mvua isinyeshe, siku nyingine ukienda na hoja ya kweli atakutazama kwa jicho la pembeni.

MLANGO UKO WAPI?

Kwa faida ya dogo na vijana wenzake, hodi hubishwa hivi. Kila mwaka, miezi kadhaa kabla ya bajeti ya Juni, Wizara ya Fedha hupokea mapendekezo ya kodi na tozo kutoka kwa wafanyabiashara. Ukichelewa hapo, unabaki na nafasi moja: Muswada wa Sheria ya Fedha ukifika bungeni, Kamati ya Bajeti huita wadau kuwasikiliza. Juu kabisa kuna Baraza la Taifa la Biashara, lililoundwa mwaka 2001, ambalo mwenyekiti wake ni Rais mwenyewe. Baraza hilo lina matawi ya mikoa na wilaya. Maana yake hata Ngara kuna kiti, ila kiti kikikosa mkaliaji hakisemi kitu.

Na Ngara ina cha kusema, jamani! Nilikwenda mpaka Rusumo, pale mto Kagera unapojibana na kuporomoka, mto Ruvubu ukiwa umeshaungana nao juu kidogo. Hapo ndipo Mjerumani von Götzen alipovukia kuingia Rwanda mwaka 1894. Miaka 100 baadaye, mwishoni mwa Aprili 1994, kama watu 250,000 walivuka kwa mguu upande wa pili, kuja kwetu, ndani ya saa 24 wakikimbia mauaji. Kambi ya Benaco ikageuka mji ghafla. Miti ikaisha, na wanyama wakaliwa. Mwaka 2008 shirika la TRAFFIC lilitoa ripoti juu ya nyama ya porini iliyoliwa kambini, ikiitwa kwa utani mchicha wa usiku, kwa sababu mgao ulikuwa maharage na nafaka, nyama hakuna.

Simlaumu mkimbizi mwenye njaa. Nasema tu kwamba watu wa Ngara na Biharamulo walibeba mzigo wa dunia nzima bila kuulizwa. Leo pori limepumua, ujambazi wa njiani umebaki hadithi ya mzee kwenye basi, malori yanapishana Rusumo usiku na mchana. Itakuwa aibu ulaji ukija wapate watu wenye ofisi kilomita mamia kutoka hapa, na mtoto wa hapa abaki kuosha magari yao. Sheria ileile ya 2008 imetenga kazi kadhaa, ikiwemo ya kuongoza watalii, ziwe za Watanzania. Lakini haijasema Mtanzania wa wapi.

Jioni kabla sijaondoka, tulikaa kijiweni karibu na boma la Mjerumani pale Biharamulo. Dogo alikuja na wenzake watano: wawili wa bodaboda, dada mwenye mgahawa, mwenye nyumba ya wageni, na mwalimu anayejua ndege kwa majina. Walikuwa wameandika barua ya kuomba nafasi kwenye baraza la biashara la wilaya. Kurasa nne! Tatu zote zilikuwa za kulalamika na “kwa unyenyekevu mkubwa”.

Tulikata mpaka ukabaki ukurasa mmoja. Tukaweka wako wangapi, wana magari mangapi, vitanda vingapi, na wanaomba nini: afisa aje siku moja tu awaeleze leseni hatua kwa hatua.

Jumatatu dogo alikuwa wa kwanza mlangoni. Alinipigia simu saa mbili na nusu asubuhi. Barua imegongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala anayo mfukoni.