Kamshafti Mpya, Tapeti Kuukuu

Kwa nini fundi stadi hakubali kufunga kamshafti mpya pamoja na tapeti kuukuu? Katika injini za tapeti bapa, uso wa tapeti kwa hakika si bapa: umetuna kidogo mno, nayo nundu ya kamshafti imeinamishwa kidogo upande mmoja. Ndiyo sababu tapeti huzunguka polepole tunduni mwake, na msuguano ukagawanyika juu ya uso mzima. Tapeti iliyokwisha kutumika imelika kwa kufuata nundu yake ya zamani. Ikikutana na nundu ngeni yaweza kukataa kuzunguka. Hapo nundu husagika, pengine kwa dakika chache tu, na chembe za chuma husambaa katika oili hadi kwenye beringi.

Mwalimu aliye karibu na gereji aombe tapeti iliyotupwa, asimamishe ukingo wa rula ya chuma juu ya uso wake. Mwanga ukipenya katikati, uso umebonyea.