Ripoti ya usiku ikipingana na skrini ya dukani, usianze na kijana wa kaunta

Msikilizaji, chukua mfano wa duka la vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Mchana kijana wa kaunta anaingiza mauzo kwenye mfumo wa tovuti uliotengenezwa kwa lugha ya PHP. Usiku duka limefungwa, skripti inajiendesha yenyewe kwenye seva, inajumlisha mauzo na kumtumia mwenye duka ripoti. Asubuhi skrini inasema hili, ripoti inasema lile. Wa kwanza kushukiwa ni kijana.

Lakini huenda kosa liko kwenye programu. Fundi aliandika hesabu ya VAT kwenye ukurasa wa tovuti, kisha akainakili kwenye skripti. Kiwango kikibadilika, kama kiliposhuka Tanzania Bara kutoka asilimia 20 hadi 18 mwaka 2009, anarekebisha nakala moja na kusahau ya pili. Hapo kila mauzo ya laki moja yanazaa tofauti ya shilingi 2,000.

Dawa ni kuiweka hesabu mahali pamoja. Katika Laravel, mfumo wa kujengea tovuti za PHP ulioanzishwa na Taylor Otwell wa Marekani mwaka 2011, hesabu hukaa kwenye klasi yake, tuseme HesabuYaMauzo. Amri ya php artisan make:command hutengeneza faili la skripti ndani ya app/Console/Commands. Ukiitaja klasi hiyo kwenye mabano ya handle, Laravel huileta yenyewe. Ukurasa wa tovuti nao unaitumia hiyo hiyo. Skripti inabaki na kazi ya kupokea amri na kutoa majibu tu.

Kuna mitego miwili. Kwanza, usiku hakuna mtu aliyeingia kwenye mfumo. Klasi ikitegemea kujua nani yuko kwenye skrini, skripti itakwama. Ipe namba ya duka na tarehe moja kwa moja.

Pili ni saa. Laravel huja imewekwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa 3, hivyo "leo" ya seva huanza saa 9 usiku wa Dar es Salaam. Weka Africa/Dar_es_Salaam mapema, kabla mauzo hayajaanza kuingizwa.

Mwenye duka, muulize fundi wako: hesabu ya VAT imeandikwa mahali pangapi? Akijibu pawili, msamehe kwanza kijana wa kaunta.