Kona ya Ploti Haina Maji Yake

Swali ni lile lile, na limeulizwa mara nyingi mno: "Ploti yangu ni futi hamsini kwa mia, iko Kitengela. Nichimbe kisima kona gani?" Anayeuliza huwa amekwisha kumlipa mtu wa vijiti, aliyezunguka uani na nyaya mbili za shaba zilizopindwa hadi zikapishana, na pale pale pakapigwa kigingi. Mwanajiolojia huitwa baadaye, tena si kuchunguza bali kutia sahihi, kwa kuwa kibali kinadai ripoti. Jibu la kitaalamu ni fupi na halimfurahishi mtu: chimba kona yoyote ambayo mtambo utaingia bila kubomoa ukuta, mradi iko mbali na shimo la choo. Kwa maji yaliyo chini ya Kitengela, mita thelathini za urefu wa ploti haziamui lolote. Kinachoamua ni mpangilio wa matabaka, na mpangilio huo una historia inayosomeka.

Nyanda za Athi, ambazo Kitengela iko juu yake, zilijengwa kwa zamu. Volkeno zilimwaga lava, kisha zikatulia kwa muda mrefu. Katika utulivu huo mito na maziwa yakatandaza mchanga, changarawe, matope na majivu, halafu lava nyingine ikaja ikafunika. Fonolaiti ya Kapiti, lava iliyo karibu na sakafu ya rundo hili, ina umri wa miaka milioni 13 hivi, na juu yake yamo mashapo ambayo ramani za jiolojia huyaita ya Athi, yaliyobanwa katikati ya lava. Lava nzima isiyo na nyufa haina pa kuweka maji. Maji hukaa kwenye mchanga na majivu ya punje kubwa, na kwenye nyuso za kale za lava zilizochakaa kwa jua na mvua kabla ya kufunikwa. Hii ndiyo sababu visima vingi vya Kitengela hupita mita 150, na ndiyo sababu pia jirani wa ng'ambo ya barabara hufikia maji kwenye kina kinachokaribiana na chako: nyote mnavuta kutoka mashapo yale yale. Mabadiliko yapo, lakini huja kwa kilomita. Mchanga uliotuama ufukweni mwa ziwa la kale hugeuka kuwa tope laini kadiri unavyoelekea kilindini, na tabaka lililotoa maji mengi hapa linaweza kuwa jembamba au la mfinyanzi mtupu ukitembea saa nzima. Huo ndio ukweli ambao mtu wa vijiti angepaswa kuujua kwanza. Anadai usahihi wa hatua mbili mahali ambapo ardhi yenyewe hubadilika kwa mwendo wa saa.

Imani inayombeba ni kwamba chini ya ardhi kuna mito, mishipa myembamba ya maji yanayokimbia gizani, na kwamba ukikosea kwa mita moja umeukosa mto. Mito ya namna hiyo ipo penye mapango ya chokaa. Chini ya Kitengela haipo. Maji yamejaa katika vinafasi baina ya punje za mashapo, yanasonga polepole sana, na yametanda chini ya mitaa mizima. Kwa hiyo kijiti "hupata" maji Kitengela kwa sababu moja tu: ukichimba kina cha kutosha ni vigumu kuyakosa. Vivyo hivyo angeyapata mbuzi aliyefungwa kitambaa machoni. Mwenye kijiti hahesabu hilo, na mteja wake pia hahesabu. Visima vilivyotoa maji husimuliwa kwenye harusi, kwa vikavu hulaumiwa fundi wa mtambo. Jambo hili limepimwa mahali ambapo hapakuwa na fundi wa kulaumiwa. Mwaka 1987 na 1988, karibu na Munich nchini Ujerumani, walijitokeza watu wapatao 500 waliodai kipaji hiki. Wakachujwa wakabaki 43 waliong'ara, wakawekwa ghorofa ya juu ya ghala huku bomba la maji likihamishwa chini yao, kwa majaribio 843. Waandaaji walitangaza kwamba wachache wana kipaji cha kweli. Jim Enright, mwanasayansi wa Marekani, alipozirudia takwimu zile zile alikuta kwamba bingwa wa mabingwa alikaribia bomba kuliko mtu ambaye angetaja katikati tu kila mara, kwa tofauti ya wastani wa milimita 4 tu katika mstari wa mita 10. Nyaya kupishana si uongo wa makusudi. Misuli ya mkono husogea kidogo bila mwenyewe kujua, na waya ulioshikwa kwa kuyumba hukuza mwendo huo. Anayeamini na anayedanganya hushika waya ule ule, na ankara zao hulingana.

Kuna pingamizi la haki: wafugaji wa Kajiado, kaunti yenye Kitengela, walijua maji yalipo vizazi vingi kabla ya mitambo. Ni kweli, na hawakutumia waya. Walichimba mchanga wa mito iliyokauka, kwa sababu mchanga hubaki na maji baada ya mto kukatika. Waliangalia mgunga wa manjano, mti unaopenda maji yaliyo karibu. Waliangalia mahali mwamba unapokatisha bonde. Huko ni kusoma ushahidi wa ardhi. Kumpa mtu wa vijiti heshima ya maarifa hayo ni kumnyang'anya mfugaji haki yake.

Kuna pingamizi la pili, zito zaidi: mbona kuna mahali mita chache huamua? Mahali kama hapo papo, lakini si Kitengela. Ukishuka barabara ya Namanga, ukapita mji wa Kajiado kuelekea Bissil, umeacha lava na kuingia kwenye miamba ya msingi, naisi na marumaru za zamani sana. Marumaru zenyewe ziliwahi kuwa mashapo ya chokaa kabla ya joto na mgandamizo kuzigeuza. Huko maji hukaa kwenye nyufa na kwenye mwamba uliooza juu, na kukosea kidogo kunaweza kukupa shimo kavu. Kama kijiti kingekuwa na uwezo wowote, hapo ndipo kingeonyesha. Lakini hadithi za ushindi huletwa kutoka kule ambako kushindwa ni kazi ngumu.

Pingamizi la tatu halina budi kukubaliwa kwa sehemu: visima vyenye ripoti ya mtaalamu navyo hukauka. Kipimo cha ukinzani wa umeme wa ardhi, ambacho ripoti hizo hukitegemea, husoma namba ndogo penye mchanga uliojaa maji, husoma ndogo pia penye mfinyanzi usiotoa maji, na penye maji ya chumvi. Namba haijui tofauti. Anayeijua ni mtu anayefahamu mashapo, na ripoti iliyonakiliwa kutoka ploti ya jirani na kubadilishwa jina haina mtu huyo ndani yake. Ufahamu wenyewe hujengwa polepole. Mwanajiokemia Hans Eugster alichunguza tope la Ziwa Magadi, na mwaka 1967 akatangaza madini mawili mapya, magadiaiti na kenyaiti. Mwaka 2012, katika bonde la Koora karibu na Olorgesailie, watafiti walichomoa nguzo ya mashapo ya mita 139, na kutokana nayo wakasoma mabadiliko ya mazingira ya miaka milioni moja hivi. Kila kisima cha Kitengela hupita kwenye kumbukumbu ya aina hiyo, na kwa kawaida mwamba uliosagwa humwagwa shimoni au kusambazwa barabarani kuziba mashimo ya gari.

Sasa la kufanya, kwa haraka. Tafuta mwanajiolojia aliyesajiliwa, umwulize visima vya karibu vilifika kina gani na vilitoa nini. Asipojua, tafuta mwingine. Pata kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kabla mtambo haujaja. Dai sampuli kila mita 2, zilizowekwa alama, na mabomba yenye matundu yawekwe mkabala na mchanga, si popote yalipotosha. Pima kisima kwa kupampu saa 24. Kisha peleka maji maabara, hasa kwa floraidi: miamba ya volkeno huitoa kwa wingi, kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na meno ya kahawia ya watoto wa Kajiado hayatokani na uvivu wa kupiga mswaki. Kuchemsha hakuiondoi, huizidisha. Chujio la mkaa wa mifupa huipunguza, na maji ya mvua kutoka mabatini hayana tatizo hilo. Yatunze kwa kunywa, ya kisima yatumie kufulia na kuoshea. Na mtambo usiondoke kabla mifuko ya sampuli haijakabidhiwa kwako. Umeilipia.