KUHARAKISHA BONGO LA TARAKILISHI BILA KULIUNGUZA

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Ninaandika kutoka Kisumu, jiji la jua na ngege. Insha za methali nimewaachia wenzangu. Mimi nataka kueleza jambo linalozua ubishi kila tunapotoka maabara ya kompyuta: je, tarakilishi inaweza kwenda mbio kuliko ilivyotoka kiwandani? Inaweza. Lakini si kila tarakilishi, na si bure.

Bongo la tarakilishi, yaani prosesa, hufanya kazi kwa mapigo kama ngoma. Ubao mama hutoa mapigo ya msingi, kwa kawaida megahezi 100, kisha prosesa huyazidisha kwa nambari iitwayo kizidishi. Kizidishi kikiwa 35 unapata gigahezi 3.5, ambazo ni mapigo bilioni tatu na nusu kwa kila sekunde. Kuharakisha ni kuipandisha nambari hiyo. Hakuna uchawi hapo.

Utauliza, mbona kiwanda kisiipandishe chenyewe? Waama, vipande vingi hukatwa kutoka kaki moja ya silikoni, hupimwa, na vingine huuzwa kwa kasi ya chini ya uwezo wao. Mwaka 1998 kampuni ya Intel iliuza prosesa iitwayo Celeron 300A. Ilizidisha mapigo ya megahezi 66 mara 4.5 ikapata 300. Wajanja wakauweka ubao mama kwenye 100, na nyingi zikafika 450. Nusu nzima ya kasi, bure! Siku hizi usitarajie maajabu hayo, kwa sababu prosesa za kisasa hujiharakisha zenyewe kazi inapozidi. Kiwanda kimekwisha kumkamua ng'ombe, sisi tunagombania matone.

Sasa wewe unayeitazama ile kompyuta ya maabara kwa jicho la tamaa, pole. Kompyuta nyingi za shuleni ni za mtumba kutoka ofisi za ng'ambo, na kizidishi chake kimefungwa. Kwa prosesa za Intel, tafuta herufi K mwishoni mwa nambari, na ubao mama uwe wa jamii ya Z. Kwa AMD, karibu Ryzen zote za kompyuta za mezani ziko wazi, bora ubao usiwe ule wa bei ya chini kabisa kama A320. Anayekuambia ataiharakisha mashine ya ofisi isiyo na herufi hiyo anakupiga porojo tu. Hata ingewezekana, mashine ya shule si ya majaribio. Ikifa, wanafunzi arobaini watakodolea macho kioo kimoja.

Shida kubwa ni joto. Joto la prosesa hukua kulingana na kasi, na pia kulingana na volteji iliyozidishwa kwa yenyewe. Tuseme unatoka gigahezi 3.5 kwa volti 1.2 hadi gigahezi 3.9 kwa volti 1.35. Kasi imeongezeka kwa asilimia 11 hivi. Joto je? 3.9 kwa 3.5 ni 1.114; 1.35 kwa 1.2 ni 1.125, na ukiizidisha kwa yenyewe unapata 1.266. Zidisha hizo mbili: 1.41. Asilimia 41 ya joto zaidi kwa asilimia 11 ya kasi! Mwalimu wetu wa fizikia asome hapa mara mbili, maana sisi husema hesabu zake hazina kazi mitaani.

Tena maelezo mengi ya jambo hili huandikwa na watu walioketi katika vyumba vya nyuzi 20. Hapa kwetu, chumba cha mabati mwezi wa Februari hupita 30 kabla ya chakula cha mchana. Zile nyuzi kumi za ziada huingia moja kwa moja katika prosesa. Ongeza vumbi, na kwa wanaokaa karibu na Dunga ongeza vile vijidudu vya ziwani vinavyopaa kama moshi. Feni huvivuta vikaganda kwenye mapezi ya alumini yanayopoza prosesa, mapezi yaliyopangana kama ya ngege. Kwa hivyo kazi ya kwanza ni brashi, mambo ya BIOS baadaye.

Binamu yangu ana kibanda cha kuchapisha na kuhariri video upande wa Kondele. Kazi yake kubwa ni video za mazishi, na nyinyi mnajua mazishi ya kwetu huchukua muda gani. Mashine yake ina Ryzen 3 2200G, ambayo kiwandani ni gigahezi 3.5 na hujipandisha hadi 3.7. Video moja ilimchukua karibu saa tatu kuitoa, na wenye msiba wameketi nje. Karo ya wadogo zake inatoka kwenye mashine hiyohiyo. Basi tukaenda polepole kama kinyonga.

Kwanza alinakili picha zote kwenye diski ya nje, kwa sababu prosesa iliyosukumwa kupita kiasi inaweza kukosea hesabu kimyakimya na kuharibu faili. Arusi unaweza kuigiza tena, maziko hayarudiwi. Kisha tukasafisha, tukafuta ile pesti ya joto iliyokauka, tukaweka mpya kiasi cha punje ya mbaazi. Tukapima joto kabla ya kugusa kitu, tukaandika daftarini.

Ndipo tukawasha huku tukibonyeza kitufe cha Delete kuingia BIOS. Kizidishi kikawa 36, volteji tukaiandika sisi wenyewe. Usiiache ijipangie, kwani bao nyingine humimina kupita kiasi. Kila hatua megahezi 100 tu, kisha programu ya Prime95 iitese nusu saa, macho kwenye kipimajoto. Ryzen hiyo kikomo chake ni nyuzi 95. Sisi tuliweka mpaka wetu 85. Mashine ikiganda, ongeza volti 0.025 au rudi nyuma hatua moja, volti 1.35 tulikubaliana hatutazipita. Ikikataa kabisa kuwaka, usipige mayowe. Chomoa stima, toa ile betri ya mviringo ya CR2032 kwa dakika chache, mipangilio yote itarudi ya kiwandani. Na stima zetu mnazijua: kama huna UPS, subiri siku isiyo na radi.

Tulifika 3.9 lakini joto likapanda hadi 88, tukarudi 3.8. Ikateswa usiku kucha bila kosa. Video ile ya saa tatu ilipungua kwa dakika kumi hivi. Binamu alifurahi, mimi, kusema kweli, niliona jasho limezidi mavuno. Mashine ilikuwa na kipande kimoja tu cha kumbukumbu, na kuongeza cha pili kungeisaidia zaidi, kwa maana prosesa hiyo inachora picha yenyewe na inapenda kumbukumbu za jozi. Na kama mashine yako bado ina diski ya kuzunguka, nunua SSD kwanza. Dhamana pia huondoka ukiharakisha, japo kwa mali ya mtumba hilo halimuumizi mtu.

Mpaka leo mashine iko 3.8 usiku na asubuhi. Jua likishika bati, binamu huingia BIOS na kuirudisha ya kiwandani, kisha hufungua mlango wa nyuma upepo wa ziwa upite.