Pilau ya Sikukuu Haidai Kuku

Desemba ikikaribia, kuku wa kienyeji wa Singida hupakiwa kwenye matenga kwenda Dodoma na Dar es Salaam. Anayebaki nyumbani naye hupanda bei, kwa kuwa mwenyeji sasa anashindania jogoo mmoja na mnunuzi wa jijini. Familia yenye mfuko mwembamba, au ya Wasabato wasiokula nyama, haina sababu ya kuingia katika mashindano hayo. Ladha ya pilau hutoka kwenye kitunguu, mafuta na viungo, na viwili vya kwanza Singida inavizalisha kwa wingi.

Kwa watu wanane, tenga mchele kilo moja, dengu kavu nusu kilo, vitunguu vikubwa vitano na mafuta ya alizeti.

Anza na dengu, usiku wa kuamkia sikukuu. Ziloweke mpaka asubuhi, kisha mwaga maji hayo. Hutoka na sehemu ya sukari zinazojaza tumbo gesi. Kuloweka kuna faida nyingine kwa wakazi wa huku. Mji wa Singida uko takriban meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji huchemka yakiwa na nyuzijoto 95 hivi badala ya 100. Ndiyo maana mikunde hukawia kuiva na mkaa huisha upesi, na kuloweka hupunguza muda huo. Epuka kuharakisha mambo kwa magadi mengi, maana huharibu vitamini B1. Dengu zikiiva, usimwage maji yaliyozichemsha: ndiyo supu ya pilau yako.

Sasa vitunguu. Karibu asilimia 90 ya kitunguu ni maji, na maji hayo yasipokauka hakibadiliki rangi. Kaanga kwa moto wa wastani, bila haraka, mpaka viwe vya kahawia. Hapo ndipo sukari yake inapotoa rangi na harufu ya pilau. Tia kitunguu saumu na tangawizi, kisha bizari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Viungo vitangulie supu, kwa sababu harufu yake huyeyuka vizuri zaidi kwenye mafuta. Ongeza dengu, mchele na supu, pungufu kidogo ya vikombe viwili kwa kila kikombe cha mchele. Maji yakikaribia kukauka, funika na upalie mkaa juu ya mfuniko.

Je, mlo huu unashibisha mwili? Gramu 100 za dengu kavu zina karibu gramu 20 za protini. Mchele una upungufu wa laisini, mojawapo ya vijenzi vya protini, ambayo dengu inayo tele. Dengu nayo ina upungufu wa kijenzi kingine, methionini, ambayo mchele unayo. Kwa vipimo vya hapo juu, kila mlaji hupata takriban gramu 20 za protini.

Pembeni weka majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga, na kachumbari yenye nyanya na ndimu. Vitamini C ya kachumbari husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye dengu na majani. Chai hufanya kinyume, kwa hiyo birika lisubiri kama saa moja baada ya chakula.