Mlango Ndio Spika: Sayansi ya Kufufua Sauti ya Gari la Spoti la Zamani

Mazda ilipoionyesha MX-5 kwa mara ya kwanza mjini Chicago, Februari 1989, habari kubwa ilikuwa wepesi wa gari, taa zinazochomoza kutoka kwenye boneti, na paa la turubai ambalo dereva aliweza kulishusha bila kutoka kwenye kiti. Spika hazikuwa habari. Zilikuwa mlangoni, moja kila upande, za kipenyo cha inchi 6.5, zimefichwa nyuma ya kava la ndani. Magari hayo ya kwanza, ambayo Japani yaliuzwa kwa jina la Eunos Roadster, sasa yamefikisha miaka 30 hivi au yameipita. Injini zake zikitunzwa bado ni nzima. Sauti ndiyo iliyotangulia kufa: besi imetoweka, mwimbaji anakwaruza, na ukiongeza sauti kidogo tu, kitu kinaanza kutetema ndani ya mlango.

Wengi wakifika hapo hununua spika yenye wati nyingi kuliko zote dukani, wakaifunga palepale kwa skrubu zilezile, kisha wakashangaa kwamba besi haikurudi. Haiwezi kurudi. Spika ya gari haipigi muziki peke yake. Mlango mzima ni sehemu ya chombo hicho, na mlango uliozeeka huharibu kazi ya spika yoyote, iwe ya bei gani. Lakini kwanza tuone kilichoiua ile ya kiwandani.

Spika tunazotumia leo zina ukoo mmoja. Mwaka 1925, Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric nchini Marekani walieleza spika yenye koni ya karatasi inayosukumwa na koili ndogo iliyoning'inizwa katika nafasi nyembamba ya sumaku. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, koili husogea mbele na nyuma, nayo koni husukuma hewa. Tangu hapo sumaku zimekuwa nyepesi, gundi zimekuwa imara, koni zimetengenezwa kwa plastiki na hata kwa alumini, lakini kanuni ni ileile. Na tangu hapo koni imekuwa ikishikiliwa na vitu viwili: kitambaa kigumu kilichokunjwakunjwa kule ndani karibu na sumaku, na ukingo laini unaoizunguka pembezoni na kuiunganisha na fremu ya chuma.

Ukingo huo ndio kiungo dhaifu. Katika spika nyingi za miaka ya 1970 hadi 1990 ulitengenezwa kwa sponji ya poliyurethani, jamii ya plastiki iliyobuniwa na Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Sponji hiyo ina sifa zote ambazo mtengenezaji wa spika angezitamani: nyepesi, laini, inanyooka na kurudi, tena inazuia hewa isipenye. Tatizo lake limo ndani ya minyororo ya molekuli zake. Katika aina ya poliesta, minyororo hiyo imeunganishwa kwa vifungo vya esta, na kifungo cha esta hakipatani na maji. Mvuke uliomo hewani huingia kwenye sponji na kukikata kifungo kimoja baada ya kingine. Kila kinapokatika hubaki tindikali kidogo, na tindikali hiyo huharakisha kukatika kwa vingine. Kwa hiyo uozo huanza polepole, kisha hukimbia. Joto huuongezea kasi, nao mwanga wa jua hushambulia minyororo hiyohiyo kwa njia yake.

Mtu aliyewahi kutoa kabatini viatu vizuri alivyovihifadhi kwa miaka, soli zikameguka siku ya kuvivaa, ameuona uozo huohuo kwa macho yake; soli nyingi za aina hiyo ni poliyurethani pia. Ndiyo maana spika ya zamani iliyokaa ndani ya boksi lake bila kupigwa hata mara moja inaweza kuwa imeoza sawasawa na iliyofanya kazi kila siku. Ndiyo maana vilevile gari lililoishi Mombasa, Tanga au Unguja, kwenye joto na unyevu wa bahari, haliwezi kutarajia umri uleule wa gari lililoishi kwenye hewa kavu. Ukikuta vumbi jeusi linalonata chini ya spika, huna haja ya kutafuta sababu nyingine.

Tofauti na ukingo, sumaku haichoki kwa kiasi cha kukusumbua. Koili nayo, isipokuwa kama iliunguzwa na amplifaya iliyozidishwa, kwa kawaida ni nzima. Jaribio lake ni rahisi. Chomoa waya, pima koili kwa mita ya umeme: spika ya omu 4 husoma zaidi kidogo ya omu 3, kwa sababu mita hupima waya peke yake bila mwendo. Ikikosa kusoma kabisa, koili imekatika. Kisha isukume koni taratibu kwa vidole viwili vilivyowekwa pande mbili za kitovu chake. Ikienda na kurudi kimya, koili iko katikati ya sumaku. Ukisikia mkwaruzo, koili inasugua chuma, na siku zake zinahesabika.

Spika ambayo koili yake ni nzima na ukingo pekee ndio ulioliwa inaweza kuwekewa ukingo mpya. Ni kazi ya subira: kukwangua gundi ya zamani, kuibandika pete mpya kwenye koni, kuipanga koni katikati kabla gundi ya nje haijakauka. Fundi wa spika anayejua kazi yake huifanya vizuri, na sauti ikarudi kuwa ya gari lenyewe. Kwa MX-5 mimi ningenunua mpya yenye ukingo wa mpira wa butili, kwa kuwa kipimo cha inchi 6.5 kimejaa madukani. Lakini yapo magari ambayo ukarabati ndiyo njia ya busara, na hapa mtu asiyejua anaweza kuingia hasara.

Chukua Chevrolet Corvette ya mwaka 1984, au Honda NSX iliyofuata mwaka 1990. Zote mbili ziliweza kuja na mfumo wa Bose, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1964 na Amar Bose, profesa wa MIT. Katika mifumo hiyo kila spika iliwekwa ndani ya kasha lake pamoja na amplifaya yake ndogo. Spika zenyewe zilitengenezwa kwa ukinzani mdogo sana, chini kabisa ya zile omu 4 zilizozoeleka. Ukiiondoa spika ya omu 1 ukaweka ya omu 4 kwenye amplifaya ileile, kanuni ya Ohm haikuonei huruma: kwa volti zilezile spika mpya itapata robo tu ya nguvu, yaani desibeli 6 pungufu. Ukifanya kinyume, ukaichukua spika hiyo ya omu 1 na kuiunga kwenye redio ya kawaida, redio italazimika kutoa mkondo mara nne ya ule iliotengenezewa, na inaweza kuungua. Katika magari haya, tena, si ajabu sauti mbovu isiwe kosa la spika hata kidogo. Kapasita za kwenye amplifaya huvuja zikizeeka, na majimaji yake hula njia za shaba za bodi. Kubadilisha kapasita kadhaa mapema ni kazi ndogo. Bodi ikishaliwa, ni msiba.

Sasa turudi mlangoni.

Koni inaposogea mbele, husukuma hewa ya mbele na wakati huohuo hunyonya hewa ya nyuma. Hayo ni mawimbi mawili yaliyo sawa kwa nguvu na kinyume kwa mwelekeo. Yakikutana, hufutana. Kwa sauti nyembamba jambo hili halina madhara makubwa: wimbi la hezi 5,000 lina urefu wa sentimita 7 hivi, na husafiri mbele zaidi kuliko kuzunguka pembeni. Wimbi la hezi 100, lile la gitaa la besi na ngoma kubwa, lina urefu wa mita 3.4. Kwa wimbi refu kiasi hicho, spika ya inchi 6.5 ni kitu kidogo mno. Hewa iliyosukumwa mbele huzunguka tu ukingoni na kuziba upungufu wa nyuma, na besi hufa kabla ya kufika sikioni. Unaweza kulithibitisha hili kwa spika yoyote: ipige ikiwa mkononi, kisha iweke kwenye tundu la kipimo chake lililokatwa katika ubao mpana. Spika ni ileile, redio ni ileile, ila besi imetokea.

Mlango wa gari ndio ubao huo, na kiwandani ulijengwa hivyo. Bati la ndani lina matundu makubwa ambayo fundi huyatumia kuifikia mashine ya kioo, na juu yake hubandikwa shiti ya plastiki kwa gundi nyeusi yenye kunata. Watu hudhani shiti hiyo ni kinga ya mvua tu. Kuzuia maji ni kazi yake, kwa sababu maji hupita kwenye mpira wa kioo na kuteremka ndani ya mlango kila mvua inaponyesha, lakini ikikaa vizuri husaidia pia kuutenga upande wa mbele wa spika na wa nyuma. Baada ya miaka 30 imechanika. Fundi wa kwanza aliyerekebisha kioo aliipasua, wa pili aliitupa. Kwa mlango ulio wazi namna hiyo, spika mpya itapiga sauti nyembamba peke yake.

Kwa hiyo kazi yenyewe ni kuziba. Matundu makubwa yafunikwe kwa bati jembamba la alumini au plastiki ngumu, linaloweza kufunguliwa siku mashine ya kioo ikihitaji matengenezo, na ukingo wake uzibwe kwa ukanda wa butili. Kisha spika isifungwe moja kwa moja kwenye bati. Iwekewe pete nzito iliyokaa imara, na pete hiyo isiwe ya mbao zilizoshindiliwa, ambazo hunyonya maji na kuvimba. Plastiki nene, hata ile ya ubao wa kukatia nyama, hudumu zaidi. Kati ya pete na kava la mlango uwekwe ukanda wa sponji ili sauti itoke kwenye matundu ya kava badala ya kupotelea nyuma yake. Kabla ya kukaza skrubu ya mwisho, teremsha kioo hadi chini kabisa. Sumaku iliyozidi kimo itagongana nacho.

Bati la nje nalo lina la kwake. Ni pana na jembamba, na kila bati la namna hiyo lina masafa yake linayopenda kutetema. Shiti za butili zenye mgongo wa alumini hubandikwa juu yake: bati likijipinda, butili huvutwa baina ya bati na alumini na kuugeuza mtetemo kuwa joto kidogo sana. Hakuna haja ya kufunika bati zima. Vipande vya katikati, mahali linapotetema zaidi, hufanya sehemu kubwa ya kazi. Katika gari ambalo waliolibuni walipigania uzito wake usifike tani moja, si haki kulibebesha kilo zisizo na faida. Na tafadhali, matundu madogo ya kutolea maji chini ya mlango yasizibwe kamwe. Maji yakikosa njia hukaa humo, na kutu haichelewi.

Juu ya wati zinazoandikwa kwenye maboksi, hesabu fupi inatosha. Gari likiwa linawaka, umeme wake ni volti 14.4 hivi. Izidishe kwa yenyewe na ugawe kwa omu 4: unapata wati 52. Hapo ndipo inapotoka ile "50 x 4" iliyoandikwa kwenye redio nyingi, na ni nguvu ya wimbi lililokatwa vichwa, yaani makelele. Muziki safi kutoka kwenye redio hiyo haufiki hata nusu yake. Spika inayoandikwa wati 300 haitakupa wati 300. Namba ya kuitafuta ni ya wepesi wa kuitikia, inayotolewa kwa desibeli kwa wati 1 kwenye umbali wa mita 1. Spika ya desibeli 92 itasikika kwa wati 10 kama ile ya desibeli 89 inavyosikika kwa wati 20. Kwa mtu atakayebaki na redio ya kawaida bila amplifaya, hiyo ndiyo tofauti anayoilipia.

Paa likishushwa, mambo hubadilika tena. Upepo na matairi hutoa kelele nzito za masafa ya chini, na kelele hizo hufunika besi kwanza. Kutafuta besi ya sebuleni kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa bila paa ni kushindana na hewa. Mazda walilijua hilo. Baadhi ya MX-5 za kwanza zilikuwa na spika ndogo ndani ya viegemeo vya kichwa, karibu kabisa na masikio, mahali ambapo nguvu kidogo hufika mbali. Ukizikuta bado zinafanya kazi, usizitoe.

Limebaki jambo moja la kufanya kabla ya kufunga kava. Gusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja kwenye nyaya za kila spika, chanya kwa chanya. Koni zote mbili lazima ziruke kuelekea nje. Moja ikirudi ndani, nyaya zake zimegeuzwa, na hizo spika mbili zitafutiana besi zikiwa nzima kabisa. Lifanye jaribio hilo mapema, kwa sababu klipu za plastiki zenye umri wa gari hili huvunjika kwa urahisi, na kava likifunguliwa mara ya pili huenda lisikae tena mahali pake.